Kioo cha mbele kikipata ufa msimu wa kipupwe: mwongozo kwa wenye magari Tabora na Kigoma

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, gari lililolala nje Tabora huamka limelowa umande, na kioo chake ukikigusa ni baridi. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 14 au 15, na ikifika saa nane mchana limeshapanda hadi 28 au 29. Binadamu anavaa sweta alfajiri na kulivua saa nne, basi. Kioo chenye alama ya jiwe hakina sweta. Hii ndiyo miezi ambayo kijicho kidogo, yaani alama iliyoachwa na jiwe, kilichotulia tangu masika hukutwa asubuhi moja kimeota mkia wa sentimita 30. Tena ndiyo miezi ambayo barabara za vumbi zimekauka, kokoto zimelegea, na malori ya tumbaku yanatoka Urambo, Kaliua na Sikonge yakirusha mawe nyuma yao. Wa Kasulu na Buhigwe, huko kwenye miinuko, wana asubuhi za baridi kuliko Kigoma mjini ziwani, kwa hiyo haya yanawahusu vilevile.

Kioo kipya kwa kawaida hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora. Jicho la jiwe ambalo lingezibwa kwa saa moja likigeuka ufa mrefu, utasubiri mzigo, utalipa usafiri, na gari litalala kwa fundi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuuzuia ufa usitembee.

Kwa nini ufa unatembea

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita 2, vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki wa milimita 0.76 katikati. Jiwe kwa kawaida huvunja cha nje tu, utando unabaki mzima na cha ndani kinabaki kizima. Ndiyo maana kioo hiki hakimwagiki kama cha mlangoni.

Kioo kikipata joto hutanuka. Chenye upana wa mita 1.4 kikipanda nyuzi 30 huongezeka kama milimita 0.4. Kingetanuka chote kwa pamoja kisingepata neno. Shida ni upande mmoja kutanuka na mwingine kubaki baridi, kwa sababu kioo huvumilia sana kubanwa lakini hakivumilii kuvutwa, na ncha ya ufa ndipo mvuto wote unapokusanyika. Ukipuliza hewa ya moto kutoka ndani asubuhi, kioo cha ndani kinatanuka na kukivuta cha nje, ambacho ndicho chenye ufa. Ukimwaga maji baridi ya kisima saa saba mchana juu ya kioo kilichochomwa na jua, uso wa nje unasinyaa ghafla na kuvutika vilevile. Jua likipasha katikati huku kingo zimejificha kwenye fremu zikiwa bado za baridi, kingo ndizo zinazovutwa. Hapo utaelewa kwa nini ufa ulioanzia ukingoni ndio mbaya kuliko yote: umekaa mahali penye mvuto mkubwa zaidi.

Kisha kuna umande. Maji yakiingia kwenye ufa hudhoofisha kioo palepale kwenye ncha, na ufa husogea kwa nguvu ndogo kuliko ungekuwa mkavu. Yanaingia pia na vumbi, na vumbi likishakaa ndani halitoki.

Siku ile ile jiwe lilipogonga

Simama mahali salama. Pitisha ukucha kwa nje, kisha kwa ndani mahali pale pale. Ukikwaruza ndani pia, vioo vyote viwili vimevunjika na hakuna cha kuziba, hicho ni cha kubadilisha. Ndani kukiwa laini, endelea.

Futa kwa kitambaa kikavu na safi. Usioshe. Bandika selotepu angavu kwa nje, ipite ufa kwa sentimita 2 kila upande, uibonyeze vizuri ili umande na vumbi visiingie. Selotepu inatoka bila kuacha kitu ndani, ndiyo sababu tunaitaka yenyewe na si kingine. Usitie supa gluu. Inaganda ikiwa kavu na dhaifu, inageuka njano juani, na ikishaganda ndani ya ufa, rezini ya fundi, yaani gundi angavu ya kuzibia kioo, haipati njia ya kupita. Rangi ya kucha nayo ni hivyo hivyo. Dawa ya meno haizibi chochote, inajaza unga tu mahali ambapo fundi atahitaji pawe safi.

Kwa ndani, chora mstari mdogo kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, tazama. Ufa uliovuka mstari unakwambia kwamba huna wiki mbili za kusubiri. Piga picha pia, moja ya karibu ukiwa umeweka rula pembeni, na moja ya kioo chote. Kama una bima kubwa, toa taarifa kabla hujagusa kitu, kwa sababu bima nyingi kubwa hulipia kioo lakini hutaka kuona uharibifu kwanza. Bima ndogo haikusaidii hapa.

Kuziba au kubadilisha

Jicho la jiwe lenye upana usiozidi sentimita 2.5 huzibika vizuri. Ufa mmoja usiozidi sentimita 15 huzibika ikiwa fundi ana mkono mzuri, ingawa kwetu ufa uliopita sentimita 10 msimu wa kipupwe ni wa kuwahi leo, si kesho. Badilisha ikiwa ufa umefika ukingoni au uko ndani ya sentimita 5 kutoka ukingoni, ikiwa unakatiza mbele ya macho ya dereva pale waipa yake inapofagia, ikiwa kuna nyufa tatu au zaidi zinazotoka sehemu moja kwenda mbali, au ikiwa utando wa katikati umetoboka. Mbele ya dereva hata ufa uliozibwa vizuri huacha alama, na alama hiyo usiku ikipigwa na taa za lori linalokuja hutawanyika kuwa nyota nzima. Hatushauri kuziba hapo.

Wengine husema kata ncha ya ufa kwa kutoboa tundu ili usimame. Jambo lenyewe lipo, lakini hufanywa kwa kijichimbio kidogo sana cha almasi, kwenye kioo cha nje tu, bila kugusa utando. Drili ya kutobolea mbao au ukuta itaanzisha ufa wa pili.

Kulilea gari hadi fundi apatikane

Umande wa asubuhi ufute kwa kitambaa. Usimwage maji ya moto, hata ya vuguvugu. Kioo kikiwa na ukungu kwa ndani, fungua madirisha mawili vidole viwili, washa feni kidogo na uelekeze hewa miguuni kwa dakika 5 za kwanza, kisha ndipo uipeleke kwenye kioo, kidogo kidogo. Ukungu huo ni pumzi zenu na makapeti yaliyolowa. Hewa kavu ikipita unaondoka, hauhitaji moto.

Mchana fanya kinyume chake. Gari lililosimama juani lifungulie milango dakika chache joto litoke, kisha washa kiyoyozi kwa nguvu ndogo, kikielekezwa kifuani na si kwenye kioo. Carwash mwambie kijana asiguse kioo cha mbele kwa maji hadi gari lipoe kivulini, na bomba la shinikizo lisikaribie ufa kabisa.

Maegesho yana maana kubwa, na hapa ndipo wengi hukosea wakidhani wanafanya vizuri. Tabora ina miembe kila mtaa na kila mtu anakimbilia kivuli. Kivuli kizima ni kizuri. Nusu kivuli ni kibaya kuliko jua tupu: nusu ya kioo inaungua, nusu iko baridi, na mpaka kati ya hizo mbili ukipita juu ya ufa umeuvuta pande mbili. Kama huwezi kupata kivuli kitakachofunika kioo kizima hadi saa kumi, heri uegeshe juani na kuweka kadibodi au kizuia jua kwa ndani. Usiku lielekeze gari magharibi, ili jua la asubuhi lipige nyuma kwanza na kioo cha mbele kipate joto polepole.

Milango isibamizwe madirisha yakiwa yamefungwa yote, maana hewa inayobanwa ndani inasukuma kioo. Usipande ukingo wa mtaro kwa tairi moja, usiinue kona moja kwa jeki ukaliacha hivyo usiku kucha. Bodi ikijipinda, kioo kinajipinda nayo. Kwenye changarawe punguza mwendo na kaa mbali na lori la mbele, vumbi lake likikufikia mawe yake nayo yanakufikia.

Kujaza rezini

Vifaa ni vichache: rezini ya kioo, kidaraja kinachobandikwa kwenye kioo, kisindilizi chake (kibomba cha kusukumia rezini ndani ya ufa), filamu angavu, sindano, wembe mpya na taa ndogo. Rezini hii huganda kwa mionzi ya jua, kwa hiyo kazi yote hufanywa kivulini na jua linaitwa mwishoni tu.

Kioo kiwe na joto la nyuzi 15 hadi 30. Chini ya hapo rezini ni nzito, haiingii kwenye vidole vyembamba vya ufa. Juu ya hapo ni nyepesi mno na inakimbia. Msimu huu Tabora maana yake ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, gari likiwa limekaa kivulini tangu usiku. Fundi anayekwambia ulete saa moja asubuhi umande ukiwa bado, au saa nane limetoka juani, mwambie mpange muda mwingine.

1. Toa selotepu. Kwa ncha ya sindano ondoa vumbi na chembe za kioo zilizolegea kwenye tundu la jiwe. Usichimbe.

2. Kausha. Umande uliobaki ndani ndio sababu kubwa ya kazi kuonekana na weupe kama maziwa baadaye. Tumia kikaushia nywele kwa joto la chini kutoka ndani ya gari, ukikizungusha bila kukaa sehemu moja, dakika 2 au 3, kioo kiwe vuguvugu tu mkononi. Kisha acha dakika 10 kipoe. Kiberiti cha gesi hakifai, kinachoma sehemu moja na ufa utakimbia mbele ya macho yako.

3. Bandika kidaraja, kisindilizi kikae katikati ya tundu. Mpira wake uguse kioo na kuziba pande zote, usikazwe hadi kioo kisukumwe. Tia matone 3 au 4 ya rezini.

4. Sindilia dakika 5 hadi 8. Legeza au vuta hewa dakika 2, mapovu yatoke. Sindilia tena. Tazama kutoka ndani kwa taa: penye hewa panaonekana mstari mweusi au wa kung'aa kama fedha, penye rezini panapotea. Rudia hadi mistari ipotee, mara nyingi ni mizunguko mitatu au minne. Kidole kimoja cha ufa kikigoma, sukuma kioo taratibu kwa dole gumba kutoka ndani, kifunguke kidogo na rezini iingie. Fundi mwenye haraka anaishia mzunguko wa kwanza, na hicho kidole kilichobaki na hewa ndicho kitakachotembea mwezi wa saba.

5. Toa kisindilizi, weka tone la rezini nzito juu ya tundu, funika kwa filamu bila povu, kisha sogeza gari juani. Dakika 10 hadi 15 za jua la Tabora zinatosha. Mawingu yakiwepo ipe nusu saa.

6. Ondoa filamu, kwangua kilichozidi kwa wembe ukiusimamisha wima, ng'arisha.

Alama ndogo itabaki. Kinachorudi ni nguvu ya kioo, na ufa umefungwa maji yasiingie tena. Anayeahidi kwamba hutaona chochote anakudanganya.

Kubadilisha kioo

Unapoagiza, toa namba ya chesisi, mwaka wa gari, na picha ya maandishi yaliyo kona ya chini ya kioo cha zamani, pamoja na picha ya kishikio cha kioo cha kutazamia nyuma na sensa ya mvua kama ipo. Gari la jina moja linaweza kuwa na vioo viwili tofauti. Maandishi kwenye kioo kipya yawe na neno LAMINATED, maana yake vioo viwili vyenye utando katikati. Kioo kigumu cha mlangoni au cha nyuma, kile kinachosagika punje punje, hakiwekwi mbele hata kama kimekatwa kikaingia.

Kwenye basi au treni kioo kisafiri kimesimama kwa ubavu, kikiwa na sponji au godoro chini, kamwe kisilale na mzigo juu. Ukikipokea, kabla ya kusaini, pitisha kidole kuzunguka ukingo wote. Ukingo uliomegeka hata milimita 3 ni ufa unaosubiri asubuhi ya baridi. Kikatae.

Magari mengi ya sasa kioo chake kimegundishwa kwenye bodi kwa gundi ya poliurithani, na gundi hiyo ni sehemu ya usalama wa gari. Inasaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria mbele huegemea kioo unapofumuka. Silikoni ya madirisha ya nyumba haina nguvu hiyo, na aina yenye harufu ya siki hula chuma. Usikubali iwekwe, hata kwa kuambiwa ni ya muda.

Kiasi ni rahisi kukadiria. Mzunguko wa kioo cha gari dogo ni kama mita 4. Gundi inamiminwa ikiwa na umbo la pembetatu, upana milimita 8 na kimo milimita 12, hiyo ni kama mililita 190. Bomba moja la mililita 310 linatosha gari dogo, lakini nunua mawili kwa gari kubwa, na hata kwa dogo ni vizuri liwepo la akiba, maana gundi ikiisha kona ya mwisho hakuna duka la kukimbilia wakati ile ya kwanza inaanza kufanya ngozi. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi. Bomba lililo gumu ukilibonyeza limekwisha.

Fundi anakata gundi ya zamani kwa waya au kisu maalumu, akiacha tabaka jembamba la milimita 1 hadi 2 kwenye fremu. Gundi mpya hushika vizuri juu ya ile ya zamani iliyokatwa siku hiyo hiyo, safi, isiyoguswa kwa mikono yenye mafuta. Palipokwaruzwa hadi chuma hupakwa praima ya chuma, yaani rangi ya awali ya kushikisha gundi. Penye kutu husuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha dawa ya kutu na praima, kikauke. Gundi juu ya kutu hubanduka pamoja na kutu. Kioo kipya kwenye ukingo wake mweusi husafishwa na kupakwa praima ya kioo, na kipupwe hiki kipewe dakika 15 au zaidi, usifuate haraka ya mchana wa Oktoba. Tangu gundi imiminwe hadi kioo kikae pasipite dakika 10. Watu wawili wakishike kwa vinyonyeo vya mpira, wakiweke mara moja na kukibonyeza, bila kukitelezesha, kisha kifungwe kwa maski tepu.

Sasa jambo linalosahaulika zaidi. Poliurithani haikauki kwa joto kama rangi. Inakomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani. Kwa kawaida ni kama milimita 3 kwa siku kwenye nyuzi 23 na unyevunyevu wa asilimia 50. Kipupwe cha Tabora hewa ni kavu na usiku ni baridi, vyote viwili vinaichelewesha. Maandishi ya bomba yakisema saa 4, hizo ni saa za hali nzuri. Lipe gari saa 24 kabla halijaingia barabarani, na siku 3 kabla halijaenda kwenye changarawe. Baada ya kioo kukaa na ngozi kuanza kushika, nyunyizia ukingo wa nje maji kidogo kama ukungu, inasaidia. Bomba likiwa zito kwa baridi lipashe ndani ya gari juani au kwenye maji vuguvugu likiwa bado limefungwa, si kwenye jiko.

Siku hizo za kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, usibamize mlango, usioshe kwa shinikizo. Baada ya saa 24 mwaga maji taratibu juu ya paa, mtu mmoja akiwa ndani na tochi anaangalia kona za juu na nyuma ya dashibodi.

Malori mengi ya zamani na Land Rover za kazi kioo chao kimeshikwa na mpira, bila gundi. Hapo mpira ukiwa umekakamaa, ubadilishe pamoja na kioo, kwa sababu mpira mgumu unakibana kioo upande mmoja. Kamba ya manailoni huzungushwa kwenye mfereji wa mpira, maji ya sabuni hupakwa, kioo huegemezwa kwa nje na kamba huvutwa kutoka ndani, mpira ukipanda juu ya fremu hatua kwa hatua.

Kioo kipya kikipasuka chenyewe kuanzia ukingoni ndani ya wiki ya kwanza, bila jiwe, rudi kwa fundi kabla ya kununua kingine. Mwambie atafute mahali kioo kinapogusa chuma moja kwa moja, uvimbe wa gundi ya zamani ambao haukukatwa, au fremu iliyopinda kwa ajali. Kisiporekebishwa hicho, kioo cha pili kitapasuka pale pale.